Namna ya kuandaa chai nyeupe ya majani mazima kwa maji ya Mwanza

Anayeandaa chai nyeupe kwa mara ya kwanza jijini Mwanza huja nayo mezani akiwa na desturi mbili alizozizoea tangu utotoni: kuchemsha majani pamoja na maji sufuriani, na kutazama rangi ili kujua kama chai imeiva. Desturi zote mbili zinafaa kabisa kwa chai ya rangi na chai ya maziwa, lakini huiharibu chai nyeupe, ambayo haichemshwi na majani yake, na ambayo ikisubiriwa mpaka ipate wekundu wa chai ya kawaida huwa imekwisha kuwa chungu. Mwongozo huu unaifuata kazi nzima kuanzia dukani hadi kwenye kuosha buli, na utakaa zaidi kwenye maji, joto na muda, kwa sababu makosa mengi hutokea hapo.

Chai nyeupe hutokana na mmea uleule wa Camellia sinensis unaotupatia chai nyeusi ya Mufindi, Rungwe na Lushoto. Kinachoitofautisha ni uchumaji na usindikaji. Huchumwa machipukizi ambayo bado hayajafunguka, au chipukizi pamoja na jani moja au mawili ya juu kabisa, kisha huanikwa yanyauke polepole, mara nyingi kwa siku mbili hadi tatu kulingana na hali ya hewa, na mwishoni hukaushwa kwa joto dogo. Hayasagwi, hayaviringishwi, wala hayapitishwi kwenye karai la moto au mvuke kama inavyofanyiwa chai ya kijani. Malaika meupe, yaani vinyweleo laini vinavyofunika chipukizi, hubaki mahali pake, na ndiyo yaliyoipa chai hii jina. Kwa kuwa jani halikupondwa, ladha yake hutoka taratibu sana. Majani yetu ya kawaida, yaliyokatwakatwa na mashine mpaka yakawa punje, hutoa rangi na ukali wake karibu mara tu yanapogusa maji. Hatua nyingi zilizo hapa chini zinatokana na tofauti hiyo moja.

Hatua ya kwanza: kununua

Chimbuko la chai hii ni jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China, hasa Fuding na Zhenghe, na huko imegawanywa katika madaraja manne. Bai Hao Yinzhen ni machipukizi matupu, huchumwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua na ndiyo ya bei kubwa kuliko zote. Bai Mudan ni chipukizi pamoja na jani moja au mawili. Gong Mei na Shou Mei zina majani mapana zaidi, ladha nzito kidogo na bei nafuu. Karibu na kwetu, chai nyeupe hutengenezwa pia Kenya, katika nyanda za Kericho na Nandi, na Malawi, katika wilaya ya Thyolo, na zote mbili zinastahili kujaribiwa kabla ya mtu kudhani kwamba ya China ndiyo ya pekee.

Kwa anayeanza, ninapendekeza Bai Mudan badala ya ile ya machipukizi matupu. Ladha yake inaonekana wazi zaidi, inavumilia kosa dogo la joto, na ukiiharibu mara ya kwanza hutajuta sana fedha yako.

Maduka mengi ya Mwanza huuza chai nyeusi, na ikiwapo nyeupe kwenye supamaketi huwa ni ya vifuko, ambayo aghalabu ni vumbi na vipande vilivyosalia. Majani mazima huagizwa Dar es Salaam au Nairobi, hununuliwa mtandaoni, au huletwa na wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kufuata bidhaa. Ukimwagiza mtu, mwandikie jina la daraja unalotaka na umwombe akutumie picha ya majani yenyewe yakiwa kwenye kiganja, kwa sababu picha ya boksi haikuelezi chochote. Machipukizi mazuri ni manene, yamenyooka, yana malaika ya rangi ya fedha, na katika Bai Mudan majani huwa na kijani kilichofifia chenye kahawia hapa na pale. Vumbi jingi chini ya mfuko ni dalili kwamba mzigo ulibanwa safarini. Harufu iwe ya majani makavu, maua au asali kwa mbali. Ikiwa ni ya manukato makali, chai hiyo imeongezwa harufu.

Hatua ya pili: kuhifadhi

Chai hii hunyonya harufu ya jirani yake, na majiko ya kanda ya ziwa yana majirani wenye nguvu. Mfuko uliowekwa kabati moja na dagaa wa Mwaloni Kirumba, au kwenye rafu moja na iliki, karafuu na mdalasini, utakuwa na harufu hizo baada ya siku chache, na hakuna namna ya kuziondoa. Moshi wa mkaa nao huingia. Ihifadhi katika mkebe wa bati wenye mfuniko unaobana au mfuko wa karatasi ya alumini uliofungwa vizuri, mbali na jiko, mbali na dirisha lenye jua, na nje ya jokofu, kwa kuwa kila unapoutoa mfuko kwenye baridi unyevu wa hewa hutua juu ya majani.

Unyevu ndio adui wa miezi ya mvua. Mara moja moja chukua chipukizi moja ulivunje: likikatika kwa mlio mdogo, chai ni kavu, likipinda bila kukatika, limeshika unyevu, na ni heri kulinywa mapema kuliko kuliacha liote ukungu.

Hatua ya tatu: maji

Hapa Mwanza ina bahati. Maji ya Ziwa Victoria yana madini machache, sabuni hutoa povu ndani yake bila shida, na maji ya aina hiyo huacha ladha nyepesi ya chai isikike. Maji ya kisima yenye chumvichumvi, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, huifanya chai nyeupe ipooze na kuwa na uzito usiopendeza ulimini, hata ukifuata hatua nyingine zote kwa uangalifu.

Tatizo la maji ya bomba ni klorini. Maji ya mamlaka, yanayovutwa ziwani na kusafishwa kabla ya kusambazwa, hutiwa dawa hiyo kwa sababu za kiafya, na kuna siku harufu yake hujaa glasi. Chota maji jioni, yaweke kwenye sufuria pana, yafunike kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na asubuhi sehemu kubwa ya harufu hiyo itakuwa imeondoka. Kuchemsha bila mfuniko huondoa iliyobaki. Yapo majira ambapo maji hunukia mwani kidogo, na siku hizo natumia maji ya chupa yenye madini machache, ambayo kiasi chake husomeka kwenye lebo.

Maji yaliyochotwa moja kwa moja ziwani au kisimani bila kutibiwa lazima yachemke sawasawa kwanza. Mtu asipashe moto maji mabichi mpaka nyuzi 80 tu kwa sababu ameambiwa chai nyeupe haitaki maji ya moto sana; ayaache yachemke kwa nguvu kwa dakika moja nzima, ambayo inatosha kwa mwinuko wetu, ndipo ayapoze.

Hatua ya nne: joto

Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wenyewe unapanda kutoka hapo kuelekea milimani. Kwa hiyo maji yetu huchemka yakifika takriban nyuzijoto 96 za Selsiasi, wakati yale ya Tanga au Dar es Salaam huchemka yakikaribia 100. Jambo hili huonekana dogo, lakini maelekezo mengi yaliyochapwa kwenye pakiti za kigeni, yanayomwambia mtu aache maji yaliyochemka yapoe kwa dakika kadhaa, yameandikwa kwa watu waishio karibu na bahari. Ukiyafuata neno kwa neno ukiwa Bugando au Igoma, maji yatakuwa yamepoa kupita kiasi na chai itatoka kama maji matupu.

Kwa machipukizi matupu lenga nyuzi 80 hadi 85. Kwa Bai Mudan, 85 hadi 90. Gong Mei na Shou Mei hupokea maji yanayotoka kuchemka bila kulalamika. Chai nyeupe za Kenya na Malawi aghalabu hutokana na jamii ya mchai yenye majani makubwa na nguvu zaidi, basi anzia nyuzi 80 na upandishe ukiona ladha haijitokezi.

Asiye na kipimajoto ana njia rahisi. Maji yakishachemka, yamimine kwenye jagi la kauri au la glasi nene lililo baridi, kisha yatoe humo uyamimine kwenye buli. Kila kumimina kwenye chombo baridi hupunguza nyuzi kadhaa, aghalabu kati ya tano na kumi kutegemea unene wa chombo, kwa hiyo kumimina mara moja kunaifaa Bai Mudan, na kumimina mara mbili kunayafaa machipukizi. Tazama pia mvuke: unaporuka kwa kusukumana, maji bado ni makali, unapopanda taratibu, uko karibu na joto unalolitaka.

Chupa ya chai inasaidia kutunza maji ya moto ya mikupuo inayofuata, yaani kuloweka tena majani yaleyale, kwa sharti moja. Isiwe ile inayotiwa chai ya maziwa kila asubuhi. Kizibo chake kimekwisha kunywa iliki na tangawizi kwa miaka, na hata ukikisugua vipi kitairudisha harufu hiyo kwenye maji yako.

Hatua ya tano: kipimo

Kijiko hakiaminiki katika chai hii, kwa kuwa majani ni makubwa, mepesi na yamejikunja kila moja kwa namna yake. Kijiko kimoja cha machipukizi na kimoja cha Bai Mudan vinaweza kupishana uzito kwa zaidi ya mara mbili. Nunua mizani ndogo ya mfukoni ya aina wanayotumia masonara. Katika mji uliozungukwa na biashara ya dhahabu haina shida kuipata, na bei yake si kubwa.

Pima gramu 3 kwa kila mililita 200 za maji, ambazo ni kikombe cha kawaida cha chai. Kwa buli la mililita 600, gramu 8 hadi 9 zinatosha. Kama mizani haijapatikana, tumia vijiko viwili vikubwa vilivyojaa vya Bai Mudan kwa kikombe, ukijua kwamba hapo unakisia, na urekebishe kesho yake.

Hatua ya sita: kuloweka

Pasha kwanza buli au kikombe kwa maji ya moto kidogo, uyamwage, kisha tia majani. Kabla ya kuongeza maji, funika kwa nusu dakika na unuse: joto lililobaki kwenye chombo huamsha harufu ya majani makavu, na ni njia nzuri ya kujua ulichonunua. Mimina maji pembeni mwa chombo, polepole, usiyapige majani katikati. Funika.

Ngoja dakika tatu kwa saa ya simu. Usikoroge, usibane majani kwa kijiko, na usifunue kila mara kutazama rangi, kwa maana rangi haitakusaidia. Kinywaji cha Bai Hao Yinzhen kilichoiva vizuri kinaweza kuwa na manjano hafifu sana hivi kwamba kikiwa kwenye kikombe cheupe karibu kisionekane. Cha Bai Mudan huelekea rangi ya asali changa. Onja kijiko kimoja dakika tatu zinapotimia. Ukisikia utamu mdogo unaobaki nyuma ya ulimi na harufu ya maua au ya nyasi kavu, chuja mara moja, chote, bila kuacha maji juu ya majani. Ikiwa bado ni nyepesi, ongeza sekunde 30 na uonje tena. Ikikausha ulimi, mara nyingine punguza joto kwanza, kisha muda, na ubaki na kipimo kilekile cha majani.

Machipukizi matupu ni vizuri kuyaandaa angalau mara moja kwenye glasi ndefu isiyo na mfuniko. Mwanzoni huelea yote juu, yamelala, yamejaa viputo vidogo vilivyonaswa kwenye malaika. Baada ya dakika moja hivi baadhi husimama wima, ncha juu, kisha moja baada ya jingine huanza kushuka, mengine yakisita katikati ya glasi na kupanda tena kabla ya kutulia chini. Ukiielekeza glasi kwenye mwanga utaona chembechembe nyeupe zinazometameta ndani ya maji. Hayo ni malaika yaliyoachia, wala si uchafu, na kwa sababu hiyo tumia chujio la kawaida la matundu; kitambaa au pamba huyaondoa, na pamoja nayo huondoka ule ulaini unaohisiwa mdomoni.

Hatua ya saba: mikupuo inayofuata

Majani yaleyale hutumika tena, na kuyamwaga baada ya mara moja ni kutupa nusu ya fedha. Mkupuo wa pili upe dakika nne na nyuzi chache zaidi za joto. Wa tatu, dakika sita, kwa maji yanayotoka kuchemka. Watu wengi huupenda wa pili kuliko wa kwanza, nami nakubaliana nao, kwa sababu majani yanakuwa yamefunguka na utamu umeungana na harufu. Fanya mikupuo yote siku ileile. Majani yaliyolowa yakilala usiku katika joto letu huchacha.

Aliye na kile kikombe cha Wachina chenye mfuniko, gaiwan, anaweza kwenda kwa njia yao: gramu 5 kwa mililita 100, sekunde 30 hivi kwa mkupuo wa kwanza, kisha kuongeza kidogo kidogo hadi mara sita au zaidi. Ni njia ya kuonja, si ya kukata kiu.

Wageni, sukari na kitafunwa

Mgeni aliyezoea chai ya maziwa atakitazama kikombe chake na kuuliza, “Mwanangu, hii chai mbona haijaiva?” Jibu la adabu na la kweli ni, “Imeiva, mama, rangi yake ndiyo hiyo. Onja kwanza, sukari ipo.” Mwekee sukari mezani bila kumsukumia wala kumkataza. Maziwa nayaona hayana nafasi hapa, maana yanaifunika chai yote hata mtu asijue amekunywa nini, na tangawizi ni vivyo hivyo. Anayehitaji kinywaji kizito cha asubuhi apikiwe chai ya maziwa iliyo nzuri, na nyeupe ingoje saa kumi za jioni.

Kitafunwa kiwe cha ladha tulivu. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa kwa jadi ya Wasukuma, vinaendana nayo kuliko keki yoyote ninayoijua: utamu wake ni wa taratibu, na havina mafuta yanayobaki mdomoni. Papai lililoiva na mkate mtupu vinafaa. Sambusa, bagia na samaki wa kukaanga viliwe wakati mwingine.

Jina na wepesi wa chai hii huwafanya watu wadhani haina kafeini. Machipukizi ya mchai yana kafeini nyingi, kwa hiyo asiyelala kwa sababu ya chai nyeusi asiinywe usiku akitegemea rangi yake. Vilevile, kama chai nyingine, hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma kutoka kwenye chakula, hivyo aliyeambiwa ana upungufu wa damu ainywe mbali na mlo.

Njia ya baridi

Miezi ya jua kali, Septemba hasa, hakuna namna bora kuliko hii. Chukua lita moja ya maji yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa kabisa, tia gramu 6 za Bai Mudan katika chupa ya glasi yenye mfuniko, na uiweke kwenye jokofu usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Chuja asubuhi. Uchungu hautoki kwenye maji baridi kwa kasi ile ya maji moto, kwa hiyo hata ukipitiwa na saa moja au mbili hakuna madhara. Inywe ndani ya siku hiyo na ya pili yake, ikiwa jokofuni muda wote. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, imwage.

Kuosha vyombo

Majani yaliyotumika hufaa kwenye mbolea ya bustani. Buli, glasi na chujio vioshwe kwa maji ya moto peke yake mara tu baada ya matumizi, kabla majani hayajakauka na kushika. Sabuni ya maji yenye harufu ya limau hubaki kwenye kauri isiyong’arishwa na kwenye nyavu za chujio, na itajitokeza kwenye mkupuo wa kesho. Pakiwa na doa la kahawia, lisugue kwa magadi ya kuokea na kitambaa chenye unyevu, suuza mara mbili, kisha pindua chombo juu ya taulo kavu bila kukifunika mpaka ndani pakauke.